Barakah, Hinkley, Akkuyu au Dabaa: tununue umeme wa nyuklia kwa mkataba gani?

Kenya imehamisha macho kutoka Uyombo, Kilifi, hadi ufuko wa Ziwa Viktoria kule Siaya, na mwaka unaotajwa wa kuwasha umeme wa nyuklia ni 2034. Uganda inazungumzia Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Tanzania nayo ilizindua Julai 2025 kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani huko Mto Mkuju, Namtumbo, mradi ulio mikononi mwa kampuni tanzu ya Rosatom ya Urusi.

Mjadala mwingi unahusu mahali: nani atahamishwa, samaki watakuwaje, fidia ni kiasi gani. Ni maswali ya haki, na watu wa Uyombo walioingia barabarani mwaka 2024 hawakuyauliza bure. Ila kuna swali ambalo likijibiwa vibaya, hata mahali pazuri hapaokoi kitu. Vituo vikubwa vya nyuklia huchelewa. Kituo kikichelewa, riba hailali. Je, anayeilipa ni nani: muuzaji, serikali, au wewe unayenunua tokeni?

Nimechukua vituo vinne vya karne hii. Vyote ni vikubwa, na vyote vinatumia vinu vya maji yenye shinikizo, yaani teknolojia ya ukoo mmoja. Wauzaji watakueleza sana tofauti za vinu vyao, lakini kwa mnunuzi wa mara ya kwanza tofauti kubwa imo kwenye karatasi za fedha.

| | Barakah, Falme za Kiarabu | Hinkley Point C, Uingereza | Akkuyu, Uturuki | El Dabaa, Misri |
|---|---|---|---|---|
| Muuzaji | KEPCO (Korea Kusini) | EDF (Ufaransa) | Rosatom (Urusi) | Rosatom (Urusi) |
| Vinu | 4, jumla MW 5,600 | 2, jumla MW 3,260 | 4, jumla MW 4,800 | 4, jumla MW 4,800 |
| Zege ya kinu cha kwanza | 2012 | 2018 | 2018 | 2022 |
| Umeme uliahidiwa | 2017 | 2025 | 2023 | 2026 |
| Hali | Vyote vinne vinazalisha tangu 2024 | Kinu cha kwanza kati ya 2029 na 2031, kwa makadirio ya 2024 | Hadi mwisho wa 2025 hakikuwa kimetoa umeme | Kinajengwa. Sasa unatajwa mwaka 2028 |
| Mmiliki | Abu Dhabi, pamoja na hisa 18% za KEPCO | EDF na CGN ya China | Urusi | Serikali ya Misri |
| Fedha | Hazina ya Abu Dhabi, mikopo ya nje kidogo | Mifuko ya wenye hisa | Mfuko wa Urusi | Mkopo wa Urusi |

Kwanza ipime gridi yako

Kabla hujamkaribisha muuzaji yeyote, tafuta namba moja: kiwango cha juu kabisa cha umeme ambacho nchi hutumia kwa wakati mmoja. Kwa Kenya, mwaka 2025 kilivuka megawati 2,300. Wahandisi wa gridi wana kanuni ya siku nyingi, ambayo hata Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) huwakumbusha wageni wa nyuklia: mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi. Kinu kikihisi hitilafu hujizima chenyewe kwa sekunde chache, na mitambo mingine lazima izibe pengo lile papo hapo. Isipoweza, mawimbi ya umeme yanashuka, mitambo nayo inajikata mmoja baada ya mwingine, na nchi nzima inaingia gizani.

Asilimia 10 ya 2,300 ni 230. Kinu kimoja cha Akkuyu ni megawati 1,200, nusu ya Kenya nzima saa ya jioni watu wanapopika na kuwasha runinga. Linganisha na Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji: megawati 2,115, lakini zimegawanywa kwa mashine tisa za megawati 235 kila moja. Ikizimwa moja, nane zinaendelea. Ukubwa wa kituo si tatizo. Tatizo ni ukubwa wa kipande kimoja kinachoweza kudondoka.

Na hatari inakwenda pande zote mbili. Kinu kilichozimwa huendelea kutoa joto, mwanzoni karibu asilimia 6 ya nguvu yake yote, kwa hiyo pampu za kupoza lazima ziendelee kuzunguka kwa siku na wiki. Umeme wa pampu hizo hutoka kwenye gridi ya nje, na gridi ikikatika ni jenereta za dizeli. Fukushima mwaka 2011 iliharibika hapo: tetemeko lilikata laini za nje, kisha maji ya bahari yakazamisha jenereta. Usiku wa Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu Kenya nzima, jenereta ya akiba ya sehemu ya uwanja wa ndege wa JKIA ilikataa kuwaka. Hasara ilikuwa abiria waliosubiri gizani. Kituo cha nyuklia hakiruhusiwi usiku kama huo hata mmoja.

Laini ya kutoka Ethiopia iliyoanza kuleta umeme Novemba 2022, na ile ya Tanzania iliyounganishwa Desemba 2024, zinaipanua gridi. Mahitaji pia yanakua. Kwa hiyo sisemi nyuklia haiwezekani. Nasema kinu cha megawati 1,000 au zaidi kwa Kenya peke yake, leo, hakina pa kukaa, na mwanasiasa anayetaja ukubwa huo aulizwe kwanza habari za gridi.

Barakah: ukiwa na fedha zako

Desemba 2009 Abu Dhabi iliwapa Wakorea kazi hii kwa takriban dola bilioni 20, mbele ya Wafaransa na kundi la Wamarekani na Wajapani. Miaka 15 baadaye vinu vyote vinne vilikuwa vinazalisha, na vinatoa hadi robo ya umeme wa Falme za Kiarabu. Kwa nchi iliyokuwa haijawahi kugusa kinu cha umeme, hiyo ni kazi ya kupigiwa makofi, na ndiyo maana kila wizara ya nishati inayoota nyuklia huanza kwa kutaja Barakah.

Walichokifanya vizuri ni mambo matatu. Walinunua ramani ambayo Wakorea walikuwa tayari wanaijenga nyumbani kwao, kituo cha Shin-Kori, wakaacha kuichezea; waliongeza tu yale ya lazima, kama pampu kubwa zaidi kwa sababu maji ya Ghuba ni ya moto. Walijenga vinu vinne mahali pamoja, kila kimoja kikianza karibu mwaka mmoja baada ya mwenzake, hivyo fundi aliyefunga nondo za kinu cha kwanza alihamia cha pili kabla mikono haijasahau. Na waliunda mdhibiti mapema, wakakubali kuazima ujuzi: mkurugenzi mkuu wa kwanza wa mamlaka yao ya udhibiti, William Travers, alitoka tume ya nyuklia ya Marekani. Pia waliapa kwa mkataba kutorutubisha urani, jambo lililowafungulia milango ya teknolojia ya Marekani.

Hata hivyo walichelewa. Ahadi ilikuwa 2017, kinu cha kwanza kikaanza biashara Aprili 2021. Majengo yalikuwa karibu kukamilika. Waliokosekana ni waendeshaji wenye leseni. Ukijenga kwa haraka kuliko unavyofundisha, jengo litakusubiri.

Lakini angalia nani alikopesha. Mwaka 2016 mpango mzima wa fedha ulitangazwa kuwa dola bilioni 24.4, na bilioni 16.2 kati ya hizo zilikuwa mkopo wa serikali ya Abu Dhabi yenyewe. Miaka minne ya kuchelewa iliuma, ila mdai alikuwa baba mwenye nyumba. Nairobi, Kampala na Dodoma hawana baba huyo.

Na bei ile usitegemee kuiona tena. Juni 2025 Wakorea haohao walitia saini na Jamhuri ya Cheki kujenga vinu viwili vya takriban megawati 1,000 kila kimoja huko Dukovany, kwa koruna bilioni 407, zaidi ya dola bilioni 18. Kwa kila megawati, hiyo ni zaidi ya mara mbili ya Barakah. Hata kwenye Barakah yenyewe hesabu hazijaisha: mwaka 2025 kampuni ya KHNP ilimpeleka mama yake KEPCO mbele ya wasuluhishi London ikidai gharama za ziada. Anayekuja na kitabu chenye picha za Barakah na bei ya 2009 mwonyeshe mkataba wa Dukovany.

Hinkley Point C: kashfa ambayo mteja hajailipia

Mwaka 2007 bosi wa EDF nchini Uingereza, Vincent de Rivaz, alisema Waingereza wangepika bata mzinga wa Krismasi ya 2017 kwa umeme wa Hinkley. Krismasi ile ilipofika, hata zege ya kinu ilikuwa bado kumiminwa. Gharama iliyotajwa mwaka 2016 ilikuwa pauni bilioni 18. Januari 2024 EDF ilitaja kati ya 31 na 35, zote kwa thamani ya pauni ya 2015.

Sababu ziko nyingi, na moja ni ya kujifunza. Ramani ya Ufaransa ilifika Uingereza, mdhibiti akadai marekebisho, na EDF yenyewe inasema yalifika 7,000, yakaongeza chuma kwa asilimia 35 na zege kwa asilimia 25. Hapo si kinu kile tena kilichojengwa Ufaransa, Finland au China. Ni kinu kipya chenye jina la zamani. Ukitaka kuona ukubwa wa kazi, fikiria siku ya Desemba 2023 walipofunika kinu cha kwanza: kuba la chuma la tani 245, upana mita 47, likanyanyuliwa na winchi wanayoiita Big Carl, moja ya winchi kubwa zaidi duniani, likashushwa polepole juu ya silinda ya zege. Kazi nzuri kabisa. Ila ilifanyika mwaka ambao kituo kilipaswa kuwa kinakaribia kuwashwa.

Magazeti huishia hapo: Hinkley ni aibu. Mimi nasema soma mkataba. Serikali ya Uingereza iliahidi EDF pauni 92.50 kwa kila megawati-saa, kwa bei ya 2012 inayopanda na mfumuko wa bei, kwa miaka 35. Malipo yanaanza umeme ukianza. Kabla ya hapo, hakuna. Pauni zote zilizozidi zimetoka kwa wenye hisa. Wachina wa CGN walifika kikomo chao mwaka 2023 wakaacha kuongeza fedha, na mapema 2024 EDF, ambayo ni mali ya serikali ya Ufaransa, ilifuta vitabuni euro bilioni 12.9 kwa ajili ya Hinkley. Mfaransa mlipa kodi anaijengea Somerset, eneo la Hinkley, kituo cha umeme. Mteja wa Bristol bado hajatoa senti ya kuchelewa.

Bei hiyo ya 92.50 ilikuwa ghali kwa sababu hiyohiyo: mjenzi anayebeba hatari yote hudai faida kubwa. Fanya hesabu mwenyewe. Fedha 100 zilizokopwa kwa riba ya asilimia 9 zinakuwa 237 baada ya miaka 10. Kwa asilimia 3 zinakuwa 134. Zege ni ileile na nondo ni zilezile. Kilichobadilika ni aina ya fedha. Kwenye nyuklia, ambako ujenzi unameza karibu gharama yote na mafuta yenyewe ni sehemu ndogo, tofauti hiyo ndiyo bei ya umeme.

EDF ilijifunza. Kwa kituo kinachofuata, Sizewell C, ilikataa mpango wa namna ile. Serikali ya Uingereza ndiyo yenye hisa nyingi zaidi, karibu asilimia 45, na wateja wanaanza kuchangia kwenye bili wakati ujenzi ukiendelea, takriban pauni moja kwa mwezi. Riba inashuka, lakini hatari imerudi kwa mteja.

Je, Kenya inaweza kupata mkataba wa Hinkley? Sioni. EDF ilikubali kwa sababu mnunuzi wa umeme alikuwa na dhamana ya taifa ambalo soko la fedha linaliamini kwa miaka 35. Kenya Power haina sifa hiyo.

Akkuyu na Dabaa: muuzaji mmoja, mikataba miwili

Sasa tufike kwenye chaguo ambalo kweli litawekwa mezani Afrika Mashariki, kwa sababu Rosatom huja na fedha mkononi. Vituo hivi viwili viko kwenye bahari moja, Mediterania, vina kinu cha aina moja, VVER-1200, na idadi moja. Usipotazama saini utadhani ni biashara moja.

Akkuyu, mkoani Mersin, ulikubaliwa Mei 2010. Urusi inajenga, inamiliki na itaendesha. Uturuki ilitoa eneo. Kwa mkataba, Urusi haiwezi kushuka chini ya asilimia 51 ya hisa. Uturuki imejifunga kununua asilimia 70 ya umeme wa vinu viwili vya kwanza na asilimia 30 ya viwili vya mwisho, kwa senti 12.35 za dola kwa kila kilowati-saa, miaka 15; unaobaki Urusi itauuza sokoni. Ni kama mpangaji anayejijengea nyumba kwenye kiwanja chako kisha anakuuzia maji ya kisima alichochimba humo.

Faida yake iko wazi. Hakuna mkopo unaoingia kwenye deni la taifa. Ahadi ya 2023, mwaka Jamhuri ya Uturuki ilipotimiza miaka 100, ilipita. Siemens Energy ya Ujerumani haikutoa vifaa vya kituo cha kupozea umeme (substation, si cha kupoza kinu), ikabidi vitafutwe China. Fedha za mradi zilikwama kwenye mabenki kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Yote hayo yalikuwa maumivu ya kichwa cha Moscow. Ankara iliudhika, lakini haikulipa.

Ubaya uko kwenye neno dola. Mwaka 2010 dola moja ilikuwa karibu lira 1.5. Mwaka 2025 ilivuka lira 40. Senti 12.35 hazijabadilika, ila kwa anayelipwa mshahara wa lira zimepanda zaidi ya mara 25. Wakenya hawahitaji kwenda Uturuki kulielewa hili. Bili ya umeme ina mstari wake wa marekebisho ya fedha za kigeni, na tuliona shilingi ilivyofika 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024.

Dabaa ni kinyume. Kituo ni cha Misri, na deni ni la Misri. Makubaliano ya Novemba 2015 yanaipa Misri mkopo wa dola bilioni 25, asilimia 85 ya gharama, kwa riba ya asilimia 3. Riba hiyo ni nafuu mno. Rudi kwenye hesabu yangu ya 134 na 237. Umeme utakuwa wa Misri kwa miaka 60 au zaidi, na kila kinu kinachomaliza deni lake kitakuwa kinachapa hela. Misri pia ilibana nafasi kwa watu wake: sehemu ya majengo ya mashine za mvuke ilikwenda kwa Wakorea wa KHNP mwaka 2022, na makampuni ya Misri yamo kwenye kazi za zege.

Lakini soma kalenda. Kwa makubaliano yaliyochapishwa kwenye gazeti la serikali ya Misri mwaka 2016, marejesho yanaanza Oktoba 2029 na yanaendelea kwa miaka 22. Tarehe hiyo imeandikwa. Haisemi "kituo kikianza kuzalisha". Kinu cha kwanza kilitarajiwa 2026, sasa kinatajwa 2028. Kikiteleza tena miaka miwili, kama ndugu yake wa Akkuyu alivyoteleza, Cairo italipa Moscow kabla taa haijawaka. Wakenya tunalijua hili kwa reli ya SGR: mkopo una kalenda yake, treni ina yake.

Kwa hiyo, Akkuyu au Dabaa? Wengi huchagua Dabaa kwa sababu ya uzalendo: kituo kiwe chetu. Mimi, kwa nchi ambayo tayari inakopa ili ilipe mikopo, ningechagua Akkuyu, na ningepigania mambo mawili: sehemu ya bei iwe kwa fedha ya nyumbani, na hisa za muuzaji ziwe zinapungua kadiri miaka inavyopita. Dabaa ningeipa nchi yenye akiba ya kutosha kulipa miaka mitatu bila umeme. Kuna anayeona nimekosa uzalendo. Ajibu kwanza nani atalipa mwaka wa kituo kisichowaka.

Kuna tahadhari inayohusu mikataba yote miwili, nayo ni laini za kusafirisha umeme. Hizo kwa kawaida ni kazi ya mnunuzi. Mashamba ya upepo ya Turkana, megawati 310, yalikuwa tayari mwaka 2017, laini ya kwenda Suswa ikakamilika 2018, na serikali ya Kenya ikatozwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwa na pa kupita. Kifungu kile cha kulipia umeme usiopita kingekuwa kwenye kinu cha megawati 1,200 kingetupeleka pabaya.

Vipi vinu vidogo?

Vinu vya megawati 300 au chini ndivyo vinavyokaribia kanuni ya asilimia 10, na ndiyo maana sasa vinatajwa kila mkutano. Kwenye karatasi ni jibu letu. Kwenye uwanja, bado. Urusi ina meli ya vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja huko Pevek tangu 2020. China mwaka 2025 ilikuwa inakamilisha kimoja cha megawati 125 kisiwani Hainan. Jimbo la Ontario, Kanada, liliruhusu Mei 2025 ujenzi wa cha kwanza kati ya vinne vya megawati 300 huko Darlington, kwa jumla ya dola za Kanada bilioni 20.9, na hiyo si bei ya kitu kidogo. Marekani mradi wa NuScale wa Idaho ulivunjwa Novemba 2023 baada ya bei kupanda na wanunuzi kukimbia.

Ushauri wangu: asiye na haraka asubiri Darlington iwake, aone bili ya mwisho. Kuwa wa pili kwenye nyuklia ni bora mno kuliko kuwa wa kwanza.

Maji, kwa ufupi

Kinu cha megawati 1,000 za umeme hutupa joto la karibu megawati 2,000, na mara nyingi huenda kwenye maji. Bahari ya Kilifi ingelimeza kwa urahisi zaidi, ila Mida na Watamu ziko hapohapo na matumbawe hayapendi joto. Siaya kuna maji matamu, lakini Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi na gugu maji tunalijua. Minara ya kupozea inaweza kusaidia. Marekani wana kituo cha Palo Verde katikati ya jangwa la Arizona kinachopozwa kwa maji machafu ya mji yaliyosafishwa, kwa hiyo ziwa si sharti.

Mimi ningepanga hivi

Nchi yenye akiba ya fedha na gridi kubwa: njia ya Barakah, vinu vinne vya ramani moja, bila kugusa ramani. Nchi inayoaminika na soko la fedha: Hinkley, mwachie mjenzi hatari hata kama bei ni ya juu, kwa sababu sasa tunajua ubaya unaweza kuwa mkubwa kiasi gani. Nchi yenye madeni na gridi ndogo, yaani sisi: kwanza gridi ya pamoja ya Afrika Mashariki na mvuke wa Olkaria, ambao tayari tunaujua, kisha, ikibidi, mkataba wa aina ya Akkuyu kwa kinu kinacholingana na gridi. Mkataba wa Dabaa ungekuwa wa mwisho kwenye orodha yangu.

Wowote utakaochaguliwa, upitie bungeni mchana. Afrika Kusini ina Koeberg, kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani, tangu miaka ya 1980. Ilipotaka kuongeza megawati 9,600, Mahakama Kuu ya Western Cape ilifuta makubaliano na Urusi Aprili 2017 kwa sababu taratibu za bunge na za kuwasikiliza wananchi hazikufuatwa. Walioshtaki ni mashirika mawili ya kiraia, Earthlife Africa na SAFCEI, si chama cha siasa.

Na kuna kifungu kimoja cha Akkuyu ambacho ningekinakili neno kwa neno, hata kama mengine yote yatakataliwa. Kwa kila kilowati-saa inayouzwa chini ya mkataba ule, kampuni ya Urusi inaweka senti 0.15 ya dola kwenye mfuko wa mafuta yaliyotumika na taka, na senti 0.15 nyingine kwenye mfuko wa kubomoa kituo kikizeeka. Kiasi kinaweza kujadiliwa. Muhimu ni kwamba fedha hizo zinakatwa tangu siku ya kwanza umeme unapouzwa, wakati kampuni bado ipo na bado inapata faida, na si baada ya miaka 60 wakati waliotia saini hawapo tena.